Gunia la Miti ya Pamba

Mdogo wangu Mboje anasomea uhandisi wa nishati endelevu chuo kikuu, Dar es Salaam. Hapa Ipililo ukisema hivyo watu wanauliza atakuja lini kutufungia umeme. Nimechoka kueleza. Siku hizi najibu tu, atafunga, tulieni.

Ni mtu wa kuota, huyo. Akiwa shambani husimama ghafla, anatazama joto linavyotetemeka juu ya ardhi kavu, na ukimwita haitiki. Ndoto yake kubwa ni kila jiko la wilaya yetu ya Maswa liwake bila mti kukatwa porini. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ndio huo: mkaa wa miti ya pamba, ile tunayoing'oa baada ya kuvuna. Akaniomba nimwekee ya shambani kwetu. Bila mkaa huo hamalizi chuo, na mimi nilijua.

Nikaing'oa, nikaikausha, nikaipanga vizuri. Kisha afisa ugani akapita kukumbusha kwamba miti yote ichomwe, wadudu wasije wakalala humo mpaka msimu ujao. Mboje alikuwa amechelewa wiki nzima kwa mitihani. Mimi sijawahi kunyooshewa kidole kwa shamba chafu, jamani. Nikajiambia, nani atakosa miti ya pamba Simiyu? Nikawasha kiberiti.

Kumbe kila mtu alikuwa amewasha. Mboje alishuka kwenye bodaboda katikati ya moshi mwepesi uliotanda kila upande, jua limekuwa jekundu mchana, akatembea taratibu hadi kwenye jivu letu na kusimama pale kama yuko usingizini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Dada, sasa nitarudi na nini?"

Nililia, sifichi. Siku mbili tulizunguka mashamba ya watu, jivu baada ya jivu. Pamba iliyobaki imesimama ilikuwa ya Mihayo peke yake, jirani yetu, mvivu wa kutupwa. Na mwezi uliopita, mbele ya mkutano wa kijiji, mimi ndiye niliyesimama nikasema shamba lake ni aibu yetu sote. Mdomo uliponza kichwa.

Nikaenda asubuhi. "Mwangaluka," nikamsalimu, nimepiga magoti kabisa. Akaitikia bila kuniambia niinuke, akafurahia kuniona pale chini. Nikamwambia shida ya Mboje yote.

"Mama Masalu," akasema, "aibu ya kijiji leo imekuwa dawa?"

"Imekuwa dawa. Nisamehe."

Akacheka mpaka akakohoa, akasema tung'oe, ila yeye mgongo unamuuma. Tuling'oa mimi na Mboje hadi viganja vikatoka malengelenge, naye amekaa kwenye kigoda akituelekeza. Mboje alikuwa ananyanyua kila mti, anautazama kwenye mwanga, anatabasamu peke yake. Kumwona hivyo nikasahau hata hasira za kuelekezwa na Mihayo.

Siku ya safari tulishona gunia kwenye stendi ya Bariadi. Mboje akatoa kalamu nene. Chuoni lazima wajue miti imetoka shamba la nani. Mikono yangu ndiyo iliyopalilia pamba yetu msimu mzima, na nilitamani sana jina letu lifike chuo kikuu. Nikalivuta gunia likanyooka, nikalishikilia, akaandika: Shamba la Mihayo, Ipililo.