Dirisha la Wembe

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kuna maneno mawili hataki kuyasikia: "haraka" na "miwani." Ukimtajia miwani anakuuliza kama umemwona akigonga ukuta. Hajagonga. Ila siku hizi uzi anautunga kwa kupapasa, ulimi nje kidogo, na sindano anaisema kama mtoto mtukutu.

Chumba anachoshonea amegawana na kinyozi tunayemwita Wembe. Katikati kuna pazia. Dirisha ni moja tu, na liko upande wa Wembe. Upande wa shangazi kuna taa inayopepesa kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. Shangazi ameliomba lile dirisha mpaka amechoka, na jibu la Wembe ni lile lile: "Jirani, nikinyoa gizani nitamkata mtu sikio."

Jumamosi moja mchana, wateja wakiwa hawaonekani, wakakubaliana. Wacheze poka kwa vifungo vya nguo, na atakayebaki na vifungo vyote achukue upande wa dirisha.

Nami nikaomba kucheza.

"Cheza," shangazi akasema. "Ukishinda utupangishe sote."

Tukagawana vifungo kutoka kwenye kopo lake. Poka yao si ngumu. Kila mtu anapewa karata tano. Anayetaka kuingia analipa kifungo kimoja. Anayejiona ana nguvu anapandisha dau, na wengine wamfuate au watupe karata. Kisha unabadilisha karata usizozitaka, mnapandishiana tena, mnafunua.

Wembe hapandishi. Nadhani tangu azaliwe hajapandisha. Analipa kifungo chake kimoja, anarekebisha kitana alichokichomeka nyuma ya sikio, anazichungulia karata kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. "Niko ndani," anasema, kwa sauti ya mtu aliye nje.

Shangazi akaninong'oneza, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka barabarani: "Huyo ni mteja wa kushikashika kitambaa. Anauliza bei lakini hana nia. Mtajie bei kubwa, utaona mgongo wake."

"Nakusikia," Wembe akasema.

"Sikia tu, bwana. Kusikia si kushinda."

Na kweli. Wembe alilipa kifungo chake, mimi nikatupa karata zangu, shangazi akapandisha. Wembe akaguna, akatupa zake. Shangazi hakuwa hata na jozi! Nikamwuliza mbona basi hapandishi kila mara. Akasema anangoja awe wa mwisho kuamua, na abaki na Wembe peke yake. "Mbwa mwoga akiwa mmoja unamfukuza kwa kelele. Wakiwa wawili, huenda mmoja anauma."

Nikaona nimeshahitimu. Raundi iliyofuata Wembe akaingia na kifungo chake, shangazi akatupa karata, tukabaki wawili. Sikuwa na kitu. Lakini badala ya kutaja bei kubwa pale pale, nikaona haya, nikaongeza kidogo. Akalipa. Tukabadilisha karata, nikaongeza kidogo tena. Akalipa, akijikuna shingo. Nikapandwa na hasira, nikasukuma vyote.

Wembe akatazama vifungo vyake vilivyokwisha kwenda katikati ya meza, akatazama vichache vilivyombakia, akavisukuma navyo.

"Kichwa nikishakifikisha nusu, siachi," akasema. "Wewe umeshaona mtu akitoka kwangu na nusu ya nywele?"

Alikuwa na jozi ya saba. Mimi sikuwa na jozi ya chochote. Nilifilisika chai ikiwa bado ya moto.

"Mwoga anafukuzwa mlangoni, mwanangu," shangazi akanikemea. "Wewe umemkaribisha, umemlisha mpaka nusu sahani, ndiyo unamwambia toka? Hapo unapandisha ukiwa na karata, si kelele."

Nikahamia nyuma ya bega lake, nikawa naziona karata zake. Akavikusanya vifungo polepole, mlangoni kila mara, mpaka vilima vyao vikalingana. Ndipo zikaja zile karata tano: zote shupaza. Rangi moja tupu! Kwenye poka hiyo inashinda jozi zozote.

Wembe akaingia na kifungo kimoja. Shangazi akapandisha. Safari hii Wembe hakutupa, akalipa. Akabadilisha karata moja. Shangazi akasema, "Mimi sibadilishi," kisha akasukuma vifungo vyote. Wembe alikuwa ameshapita nusu ya vyake. Nikaamini shangazi kamngoja makusudi.

"Kichwa siachi," Wembe akasema, akasukuma, akafunua jozi mbili: za tisa na za nne.

Shangazi akashusha pumzi, akazilaza karata zake kifudifudi. "Haya. Nilipiga kelele tu, nikavunja sheria yangu mwenyewe. Kaa na dirisha lako."

"Shangazi!" Nikazifunua mwenyewe. "Zote shupaza!"

"Shupaza wapi? Hizi mbili ni pau."

"Ni shupaza!"

"Karata iliyotupwa imekufa," Wembe akasema haraka. "Na wewe ulishafilisika, hukai mezani."

Shangazi akazichukua zile mbili, akapita pazia, akaenda dirishani. Akazigeuza huku na huku. Akatusahau kabisa. "Lo," akasema mwishowe, taratibu. "Kumbe kweli."

Wembe akamtazama. Kisha akainama, akalitazama koti lake jeupe la kazi, ambalo shangazi ndiye aliyelishona. Akajaribu kuingiza vidole mfukoni. Havikuingia. Mfuko ulikuwa umeshonwa pande zote, hadi mdomo wake, kwa mshono imara sana.

"Jirani," akasema, "mimi miezi yote hii nilidhani ni mtindo."

"Ulinilipa na ukanisifu!"

"Nilikusifu kwa woga." Akakitoa kitana nyuma ya sikio, akakitazama kwa huruma. "Chukua dirisha. Karata zako zimekufa, lakini mimi nataka mfuko."

Tulihamisha cherehani na kiti cha kinyozi siku ile ile. Jumatatu nilipotoka shule nikamkuta shangazi amekaa kwenye mwanga kama bibi harusi, na mfuko wa Wembe umeshafumuliwa. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, macho yakasimama kwenye pindo la sketi yangu ya bluu.

"Nani kakupindia hii kwa uzi wa kijani?"

"Fundi mmoja hivi, shangazi."

"Usirudi kwake."