Mkewe Ndiye Aliyenirudisha Nyumbani

Admin, nifichie jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe, maana Mji Mkongwe ni mdogo na watu wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na moja, sina mume wala mtoto, nimezaliwa na kukulia Malindi, Unguja.

Nilipokuwa msichana nilipendana na kijana wa mtaani kwetu, nitamwita Hamadi. Alileta wazee wake kuniposa kwa heshima zote. Baba akawakatalia usoni, akasema hawezi kumuoza bintiye kwa mtoto wa seremala aliyetoka bara. Haukupita muda akaniozesha kwa jamaa yake wa Maskati. Mume yule alikuwa akinipiga. Nilivumilia mpaka aliponivunja mkono, nikadai talaka. Baba akaniambia kwenye simu, "Ukiachwa usije kwangu. Sina pa kuiweka aibu hiyo." Mama alikuwa keshafariki. Basi nikashukia Dar es Salaam, nikapata kazi ya kufundisha chekechea, na miaka ikapita hatusemezani. Kaka zangu wako Uarabuni, nao wakashika maneno ya baba.

Mwaka jana alinipigia mwanamke nisiyemjua. "Naitwa Zuhura, mpangaji wa baba yako, tunakaa chini. Mzee kapata kiharusi. Anakutaja kila siku, anaona haya kukutafuta. Njoo, usingoje kuitwa mazikoni." Namba yangu alihangaika kuipata kwa ndugu wa marehemu mama.

Nilipofika, Zuhura ndiye aliyenifungulia mlango. Nyuma yake amesimama mumewe, na huyo mumewe ni Hamadi. Yeye alinisalimia tu, akachukua begi langu akalipandisha juu. Baba alikuwa kitandani, upande mmoja umelala. Nikasema, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza, "Umekuja na nguo zako zote?" Tukalia sote wawili.

Nikakaa. Kumbe baba, alipobaki peke yake, ndiye aliyempangisha Hamadi vyumba vya chini. Hapo ndipo nilipoona kuwa Hamadi ndiye anayemkogesha baba, na Ijumaa ndiye anayembeba kumteremsha ngazi ampeleke msikitini. Zuhura anampikia uji na kumlisha kwa mkono wake. Mimi na Hamadi hatukuwahi kukaa peke yetu hata mara moja, lakini kila nikisikia kikohozi chake kwenye ngazi nilijikuta natengeneza mtandio wangu. Na Zuhura akawa shoga yangu wa kweli. Tukienda sokoni Darajani pamoja, tukisukana, tukicheka.

Mwezi uliopita, baada ya alasiri, baba alituita mimi na Hamadi. Akasema, "Niliwakosea nyinyi. Nataka nikuozeni kabla sijafa. Dini inamruhusu Hamadi mke wa pili." Hamadi aliinamisha kichwa, akajibu, "Mimi sikuacha kumtaka, mzee. Akiridhia yeye, nami nimeridhia." Zuhura alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akaliweka chini, akasema, "Mimi sina neno, baba," akateremka.

Nilimfuata jikoni. Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua habari zangu na Hamadi?"

"Nilijua tangu sijaolewa. Nimekuita kwa sababu mzee alikuwa analia. Sikukuita uje tugawane mume."

"Basi nitakataa."

Akanigeukia. "Usikatae kwa ajili yangu. Ukikataa kwa ajili yangu, atakuwa ananitazama mimi kwa lawama maisha yake yote. Kama humtaki, mwambie humtaki."

Nami siwezi kusema simtaki. Nikisema hivyo nitakuwa muongo, na Zuhura atajua.

Tangu siku hiyo Zuhura hapandi tena juu kupiga soga nami, ananiita "bi mkubwa" kwa adabu mbele za watu, na chakula anakula peke yake. Baba anataka jawabu kabla ya Ramadhani. Jana kanishika mkono akasema, "Nipe nafasi ya kulipa kosa langu, mwanangu." Nikirudi Dar ataona nimemkimbia, na ndiyo kwanza nimempata. Nikibaki bila ndoa, nitaishije nyumba moja na mtu huyu? Nikiolewa, nitamlipa nini mwanamke aliyenirudisha kwetu?

Nyinyi kina mama mliowahi kuletewa mke mwenza, nambieni bila kunionea haya. Na nyinyi mliowahi kuwa wake wa pili, je, mlipata usingizi? Nnasoma kila mtakachoandika. Nambieni nifanye nini.