Nilisema Nimesahau Mpaka wa Mariamu

Nimekosa. Nalisema neno hili kwenu nisiowajua, kwa sababu wanaonijua nimekwisha kuwaambia nao hawakutaka kusikia. Mimi sikusoma hata darasa moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemwonya asipunguze neno lolote kwa kunistahi.

Mimi ni mjane, mkulima wa uwele na alizeti huku Ikungi, mkoani Singida. Kwa kuwa sijui kusoma, kichwa changu ndicho daftari langu. Kijiji kizima kilikuwa kikija kuniuliza nani alizaliwa mwaka wa njaa ipi, na shamba la nani liliishia wapi. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Jirani yangu ni Mariamu, mjane kama mimi, ila yeye bado kijana na ana watoto watatu. Shamba lake zamani lilikuwa boma letu. Tulipohamia karibu na barabara, marehemu mume wangu alimpa baba mkwe wa Mariamu eneo lile, na mpaka wake ulikuwa ua wa minyaa. Minyaa ile niliipanda mimi, nikiwa bibi harusi. Baadaye iliungua moto, na waliokumbuka ilipopita wakafa mmoja mmoja hadi nikabaki peke yangu.

Chini ya minyaa ile, upande wa Mariamu, nilimzika mtoto wangu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Wakati ule mtoto mchanga hakuwekewa jiwe wala alama yoyote. Lakini Mariamu alijua, na kila msimu alikipita kipande kile bila kukigusa kwa jembe. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo.

Basi mume wa Mariamu alipofariki, Selemani, mwenye shamba la upande wa pili wa minyaa ile, alidai kwamba mpaka wake unaingia hadi katikati ya shamba la mjane. Selemani ana trekta na mashine ya kusaga. Ni nani kijijini asiyemhitaji?

Niliitwa mbele ya wazee wa kijiji, nami nikasema kweli. Nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe, nikaonyesha minyaa ilipoanzia na ilipokomea. Selemani hakukubali. Akapeleka shauri kwenye baraza la kata.

Tangu siku ile nikasusiwa! Nikifika kisimani, wanawake hukaza macho kwenye ndoo zao. Watoto walikatazwa kuniamkia. Mimi, ambaye nusu ya watoto hao niliwapokea kwa mikono hii walipozaliwa, napita njiani bila shikamoo! Nyuma yangu nasikia, "Huyo kahongwa kuku na mjane."

Wakati wa kupura uwele ulipofika, niliumia zaidi. Huku kwetu kupura si kazi ya mtu mmoja. Wanawake hukusanyika uwanjani kwako na fimbo zao, wakaimba, wakapura, nawe ukawapikia. Nilipika sufuria mbili za ugali na kuku watatu. Hakuja mtu.

Alikuja Mariamu peke yake. Tulipura siku nne. Hakuimba, wala mimi sikuimba.

Nanyi mtaniuliza, Bibi, ulikosa nini hapo? Hapo sikukosa. Kosa lilikuja baadaye, likiwa limebeba sukari kilo mbili.

Alikuja mama Rama, mke wa Selemani. Alipiga magoti mlangoni kwangu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Ee! Mjue nilikuwa sijaisikia shikamoo ya mtu mzima kwa miezi mitano, isipokuwa ya Mariamu. Moyo wangu ulilainika pale pale, na ninaona haya kulitamka.

"Bibi, hakuna anayekuomba useme uongo," akaniambia. "Sema tu umesahau. Kwani mzee kusahau ni dhambi? Turudi kuwa kitu kimoja. Wenzako wanakukumbuka."

"Na mtoto wangu aliyelala pale?"

"Nani atamgusa, Bibi? Mimi nami si mama?"

Mbele ya baraza la kata, mwenyekiti aliniuliza minyaa ilipita wapi. Nilitazama chini, nikasema, "Nimesahau. Uzee huu."

Mariamu hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, akijua maji yako mbali. Baraza likampa Selemani sehemu yote aliyoidai.

Wanawake walirudi! Waliniletea kuni, wakaniita "Bibi yetu", wakanikalisha mbele harusini. Nikacheka nao. Nikajiambia kwamba Mariamu bado kijana, atapata shamba jingine.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, nikasikia trekta. Nilitoka mbio, kwa miguu hii yenye maumivu, nikasimama mbele yake.

"Simamisha! Mwanangu amelala hapo, chini ya minyaa!"

Selemani hakuzima hata injini. "Minyaa ipi, Bibi? Si ulisema hukumbuki?"

Mama Rama alikuwa hapo, amebeba mbegu. Nikamwita kwa jina lake la utotoni. Akageukia wenzake akasema, "Mwondoeni jua halijampiga. Bibi siku hizi kichwa hakitulii." Wakacheka! Wale wale walioniletea kuni wakanishika mikono, kwa upole kabisa, wakanisogeza pembeni. Trekta likapita.

Nilikwenda kwa Mariamu, nikamweleza yote, nikamwomba radhi.

"Sitakutukana, Bibi, wewe ni mzee wangu," akajibu. "Lakini usiniombe nikufariji. Mara ya kwanza sikukuomba unipende. Nilikuomba useme ulichokiona."



Mariamu amekata rufaa wilayani. Nimeweka dole gumba kwenye maelezo yanayosema minyaa ilipita wapi, na kwamba nilidanganya mbele ya baraza la kata. Habari imekwisha kuenea, na salamu zimekatika tena. Sijui kama wakubwa wale watamwamini mzee aliyekwisha kujitangaza msahaulifu. Wasiponiamini, watoto watatu watakosa shamba kwa ajili ya ulimi wangu.

Wewe uliyetengwa na watu kwa sababu umekataa kupinda, nisikilize. Najua inavyouma. Sitakudanganya kwamba utazoea, mimi sijazoea. Siku moja mtu atakuja mlangoni, atapiga magoti, atakuamkia vizuri, na atakuomba jambo dogo sana. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha umwache aende na sukari yake.

Watu hao hawakurudishii heshima. Wanakuazima tu, hadi wapate wanachokitaka. Mimi nilipata salamu zangu zote, na mwanangu akalimwa.