Nyota ya Rangi ya Chungwa na Mlingoti wa Shule

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa karibu na Masimba. Mama aliuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, na mteja wake mmoja alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Binti wa mama huyo, rika langu, alikuwa akinipa majarida ya sayansi aliyotumiwa na kaka yake kutoka ng'ambo.

Katika jarida moja nilisoma habari iliyonikaa kichwani wiki nzima. Wataalamu walikuwa wamegundua sayari kubwa, inayokaribia Jupita kwa uzito, ikizunguka nyota ya rangi ya chungwa iliyo ndogo kidogo kuliko jua letu. Iliizunguka kwa karibu sana hata mwaka wake ukaisha kwa wiki mbili hivi.

Siku mwalimu wa jiografia aliposema kwamba sayari kubwa hukaa mbali na jua lake, popote pale mbinguni, niliinua mkono nikamweleza.

"Uliiona wewe?" akauliza.

"Hakuna aliyeiona, mwalimu. Waliona nyota ikiyumba, wakajua kuna kitu kinaivuta."

"Nyota imelewa!" mvulana mmoja akapaza sauti nyuma. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka nao. Kisha akaniambia nitoke nje.

Alinipeleka kwenye mlingoti wa bendera. "Hilo ndilo jua lako. Zunguka."

Nikazunguka. "Karibu zaidi! Si umesema ni karibu?" Nikashika mlingoti kwa mkono mmoja nikaendelea kukimbia. Kila nilipokamilisha duara aliita, "Mwaka!" na wanafunzi waliojaa madirishani wakaitikia, "Mwaka!" Walimu wengine walitoka na vikombe vyao vya chai wakatazama. Kichwa kilinizunguka, nikatapika, akaniambia nisisimame. Mwishowe miguu ilikosana, nikaangukia saruji iliyoshikilia mlingoti. Jino la mbele likakatika.

"Imeyumba," akasema mwalimu. "Kesho uje na mzazi."

Asubuhi Mama aliacha ndizi zake akaja, amevaa nguo ya kanisani. Usiku kucha alikuwa hajaniuliza lolote kuhusu mdomo wangu uliovimba, nami nilidhani anayaweka maneno ya kumwambia mwalimu.

"Mama, mtoto wako anabishana na vitabu vya serikali," mwalimu akamwambia, mbele ya walimu wote.

"Tusamehe, mwalimu. Ni utoto."

"Basi mwadhibu hapa hapa, tuone." Akampa kiboko.

Mama alikishika kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Akaniambia kwa lugha yetu ya Ekegusii nilale chini. Alinichapa kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu aliyezoea kubeba mikungu ya ndizi, wala hakuacha mpaka mwalimu aliposema inatosha. Kisha akamshukuru.

Njiani alitangulia. Nilimfuata nikilia, nikamwambia, "Lakini ni kweli. Imeandikwa."

Alisimama, hakugeuka. "Najua wewe si mwongo. Shule nyingine iko wapi? Akikufukuza, nitakupeleka wapi?"

"Ungenichapa polepole."

"Ningekuchapa polepole angekichukua kiboko yeye mwenyewe."

Nyumbani alinipikia uji, akaupoza, akaniketisha karibu naye ninywe kwa upande wa mdomo usiouma. Sikumtazama. Mapigo ya mwalimu ningeyachukia tu, basi. Ya Mama niliyaelewa siku ile ile, na ndiyo maana yaliniuma zaidi.

Mwisho wa muhula mwalimu alitutungia swali: sayari kubwa hukaa wapi? Niliandika kwamba hukaa mbali na jua lake, popote pale mbinguni. Akaniwekea alama ya vema, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: Sasa umekuwa na akili.