Katika Nyumba Hii Hatuombi

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shule ikaishia hapo, darasa la tatu. Nikabaki kuchota maji kijijini kwetu Oldonyo Sambu, maji yale yanayotia meno rangi ya kahawia. Nikicheka tu, mtu anajua nimetoka wapi. Baadaye nilishuka mjini nikauza chai kwa mafundi wa gereji za mtaa wa Sakina, kisha boliti kuukuu, kisha shokomzoba za magari. Sikumwomba mtu kitu, na hilo nalisema popote.

Kwa hiyo binti yangu wa mwisho aliponiambia, amekalia kreti ya soda katika duka langu la spea, "Mama, nataka kuomba masta," sikumngoja amalize.

"Katika nyumba hii hatuombi."

Alicheka. "Ndivyo wanavyosema, Mama. Unaomba nafasi, wanakupima, wanakupa."

"Masta ya uhasibu?"

"Ya maji. Nataka kujua namna ya kuyatoa hayo madini yanayoharibu meno na mifupa ya watoto."

Digrii yake ni ya uhasibu, na alikuwa na kazi ya ofisini, yenye kiyoyozi. Nilihesabu shokomzoba zile zile mara mbili, mpaka fundi mmoja kati ya wateja akaniuliza kama naumwa. Halafu nikasema haya, maji ni maji, lakini aombe mwezi huo huo, maana dirisha la maombi lilikuwa linafungwa. Ana miaka ishirini na tisa, nami siendi ujanani. Anangoja nini?

"Nangoja mwaka mmoja kwanza."

"Mwaka! Wewe mwoga."

"Naogopa, ndiyo. Kemia niliiacha kidato cha pili. Wakiniuliza nimefanya nini na maji, niwaambie nimeoga?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Akasogeza kreti karibu. "Mama, kaka alipotaka kuoa, ulimwambiaje?"

Nilijua anakoelekea. Kaka yake alitaka twende kwa wakwe wiki ile ile. Nikamkatalia: asali ya posa haijapatikana, blanketi la baba wa binti halijanunuliwa, nyumba yenyewe haina mlango. Nilimwambia anayekwenda kuomba mke mikono mitupu hupewa chai na kusindikizwa. Alinung'unika msimu mzima wa mahindi. Tulipokwenda, tulipewa.

"Basi mimi bado sina asali," akasema.

Mtoto nimsomeshe mwenyewe, halafu anifunge mdomo kwa maneno yangu! Nikamwambia afanye anavyotaka.

Aliacha ofisi. Mwaka mzima alibeba chupa za maji ya kupima pamoja na watu wa mradi mmoja wa maji, kisima kwa kisima huko kwetu, akirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Jioni alijifunza kemia kwa mwalimu wa sekondari aliye mdogo kuliko yeye. Alikuwa anaimba akifua. Enzi za kiyoyozi sikuwahi kumsikia akiimba.

Wiki iliyopita aliomba. Jibu bado, lakini safari hii akiulizwa atakuwa na la kusema.

Jirani ananihurumia: akipata, akaondoka, nitabaki na nini? Nabaki na duka la spea Sakina, nyumba ya matofali Daraja Mbili, shamba Oldonyo Sambu lenye tanki la kuvunia mvua, ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi kumi na mmoja na pikipiki moja.