Ufunguo wa Kanisa la Juu

Shangazi yangu Polixeni ndiye anayetunza ufunguo wa kanisa la kijiji chetu mlimani. Akianza tu kusukuma unga wa pai, watalii wanagonga mlango.

"Hawa hawana kwao?" anafoka, mikono imejaa unga. Lakini hamfungulii mtu kanisa kabla hajamlisha kijiko cha cheri, matunda yaliyopikwa kwa sukari, na maji baridi. Ndivyo alivyolelewa, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi.

Jana watalii walikula, wakapiga picha punda, kuta, hata chupi za shangazi kwenye kamba. Kisha mmoja akauliza, "Mama, wanakijiji wako wapi?"

"Ni mimi na huyu mpwa wangu," shangazi akamjibu. "Wengine wote wako nyuma ya kanisa, chini ya misalaba. Kawapigeni picha na wao."