Mbwa Aliyeitika Jina la Mtu

Kosa langu lilianza na harufu ya mbwa aliyelowa. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Rhotia, kwenye kijiji cha mahindi na maharage si mbali na barabara ya lami inayokwenda Karatu, na alasiri hiyo mvua ilikuwa imeshuka ghafla baada ya majuma mengi ya vumbi jekundu. Kitoto cha mbwa kiliingia jikoni kwetu kupitia mlango wa nyuma, kikitetemeka, maji yakichuruzika kutoka masikioni, na harufu yake ikachanganyika na moshi wa kuni mbichi hata mama akafunika sufuria ya maziwa. Hakuna aliyejua kilikotoka. Nilikifunika kwa gunia, nikakaa nacho karibu na moto, na kabla mvua haijakatika nilikuwa nimekipa jina: Tluway. Hilo ndilo kosa. Tluway ni jina la Kiiraqw, la kabila letu, maana yake mvua, na hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Naomba nieleze nilivyofikiri, maana mpaka leo inanisumbua kwamba nilikosea huku nikijitahidi sana kupatia. Nilikuwa mtoto wa kupanga. Kuni nilizipanga kwa urefu, na mkia wa herufi ukitoka vibaya daftarini nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Darasani kwetu kulikuwa na Safari, aliyezaliwa baba yake akiwa safarini, na Amsi, aliyezaliwa usiku wa manane. Niliwauliza wote wawili, nikahakikisha. Mimi nilikuwa na jina la kanisani tu, Elibariki, ambalo halikusema lolote kuhusu siku niliyokuja duniani, na niliona nimepunjwa. Kwa hiyo nilijitungia kanuni: anayekuja na mvua ni Tluway. Mbwa huyu alikuja na mvua. Hakuna aliyenifundisha hilo, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha kazi ya kuchora mabango ninayoifanya sasa, wala uandishi huu. Nimezoea kujifunza peke yangu, na anayejifunza peke yake hukosa yale ambayo wenzake hawayasemi kwa sababu kila mtu anayajua. Kila mtu Rhotia alijua kwamba mbwa huitwa Simba, au Tomi, au Polisi, au Bosi. Unaweza kumpa jina la mnyama mkali, la cheo, au la Kizungu. Humpi jina ambalo mtu alipewa siku aliyozaliwa.

Mama alinionya, lakini kwa uchovu. Alikuwa ametoka kupanda maharage, miguu yake ina udongo hadi magotini. “Huyo muite Simba,” alisema. Nilimjibu kwamba hafanani na simba hata kidogo. “Kwani Polisi wa kwa mwalimu anafanana na polisi?” Baba akacheka, na mambo yakaishia kwenye kicheko hicho. Wangejua walichokuja kujua baadaye, nadhani mbwa asingelala na jina lile hata usiku mmoja. Lakini sisi tulikuwa wageni pale. Tulihamia kutoka Mbulu, tukajenga pembeni ya mji wa Bibi Veronika, mjane ambaye ua wake wa minyaa ndio ulikuwa mpaka wetu, na ambaye bomba lililokuwa uani kwake ndilo lililotupa maji. Mume wake alikuwa amefariki kabla hatujafika. Watu walimtaja kwa jina la mtoto wake mkubwa, marehemu Baba Anton, na sisi tukamjua hivyo.

Mbwa alikua haraka, na alikuwa na tabia mbaya zote ambazo mbwa anaweza kuwa nazo. Alifukua maharage. Aliiba mayai. Alipenda shimo la takataka kuliko chakula nilichompa, na kila jioni sauti yangu ilivuka ua wa minyaa: “Tluway, toka kwenye taka! Tluway, mwizi wewe! Tluway, njoo hapa nikufunge!” Nilikuwa najivunia kwamba aliitika. Upande wa pili Bibi Veronika alikuwa akifagia uwanja wake saa hizo hizo, na nakumbuka vizuri kwamba kila nilipoita, ufagio ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Niliusikia ukisimama. Sikujiuliza kwa nini.

Kisha mke wa Anton akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Bibi Veronika, siku ambayo mvua ilipiga mabati tangu alfajiri hadi jioni. Kesho yake bibi alikuja kwetu akiwa amejitanda shuka. Mama alimsogezea kigoda, hakukaa.

“Mama Elibariki, nina neno dogo tu.”

“Karibu, mama. Neno gani la kusimama nalo mlangoni?”

“Mume wangu aliitwa Tluway.”

Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yake nachambua mchele, na mikono yangu ikaacha kufanya kazi.

“Hatukujua, mama. Sisi tulisikia Baba Anton tu.”

“Mngejuaje? Mlikuja ameshakwenda. Nimenyamaza kwa sababu anayeita ni mtoto, na anayeitwa hajui kitu. Lakini sasa nina mjukuu, na amekuja na mvua kama babu yake. Siwezi kumpa jina ambalo kila jioni linafukuzwa kwenye taka.” Aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. “Tunampa jina Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mtaona mtakavyofanya.”

Mama hakunichapa. Alisema tu, “Hadi Jumapili huyu awe Simba.” Basi nikaanza kazi. Nilimchukua mbwa nyuma ya banda la nguruwe na vipande vya ugali mfukoni, nikaita Simba, nikampa. Nikaita Simba, nikampa. Alikula kila kipande akinitazama kwa heshima, kisha nilipokwenda mbali kidogo na kuita Simba, alilala akajikuna. Nilinong’ona lile jina jingine, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, akaruka kama aliyechomwa. Siku zilikwenda. Shuleni sikuandika kitu, na nilianza kuamka kabla ya jogoo ili nijaribu tena kwenye umande. Mama alipouliza, “Ameshajua?” nilijibu, “Ameshajua.” Sikuweza kutamka kwamba nimeshindwa. Afadhali uongo, nikidhani kwamba kufika Jumapili nitakuwa nimeugeuza kuwa kweli.

Jumapili ilipofika nilikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ilikuwa kumfunga kamba. Lakini mbwa ambaye ameshajua jina lake jipya hafungwi, na kamba ingemwambia mama kila kitu. Nilimwacha amelala kivulini nyuma ya nyumba, tumbo juu, nikavuka ua pamoja na wazazi wangu. Kwa Bibi Veronika kulikuwa na akina mama wa jumuiya na chupa zao za uji na maziwa, wazee kwenye mabenchi, na Anton akizunguka na tabasamu lisilojua pa kukaa. Bibi alimpokea mtoto kutoka kwa mama yake, akamwinua kidogo kuelekea watu, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani anayo akasema, “Tluway!” Akina mama wakapiga vigelegele. Na katikati ya vigelegele mbwa wangu akapenya kwenye minyaa, masikio yamelala nyuma kwa mbio, akapita kati ya mabenchi, akasimama mbele ya bibi na mtoto, akaketi, akatikisa mkia.

Kijana mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Anton aliokota mpini wa jembe.

“Usimpige,” Bibi Veronika alisema. “Ameitwa, amekuja.”

Kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake, na siku ile hakulitamka jina tena. Watu walikunywa uji, wakazungumza habari za mbolea, wakaondoka mapema. Tulipofika nyumbani mama aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa najua, nikasema ndiyo. Kesho yake nilipokwenda kuchota maji, hakuna aliyenizuia. Lakini mke wa Anton, ambaye siku zote aliniambia “Eli, jaza na ndoo yangu,” aliichukua ndoo yake akaingia ndani. Mtoto alibaki bila jina, wakamwita “huyu”. Nilielewa kwamba atabaki “huyu” mpaka mbwa aondoke, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemkalia jina lake.

Aliyemchukua mbwa ni Mzee Saning’o, mfugaji wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, huko juu ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambaye alikuwa akija kununua mahindi kwa baba. Alimkagua mbwa meno na miguu, akaridhika. Baba, ambaye alitaka jambo hili lisizae jingine, alimuuliza kama kwao kuna mtu mwenye jina lile. “Kwetu mvua ina jina lingine,” Mzee Saning’o akajibu, akacheka. Nilimpandisha mbwa mwenyewe kwenye lori la mahindi. Alikaa juu ya magunia akinitazama, akisubiri niite. Sikuita. Jioni ile ufagio ulifagia upande wa pili bila kusimama, na siku chache baadaye Bibi Veronika aliniita uani kwake, akaniwekea mtoto mapajani. “Mshike vizuri shingo,” alisema. “Huyu ni Tluway.” Niliitikia kwa kichwa. Kulitamka sikuweza, na kwa muda mrefu nilimwita mtoto yule “mdogo wangu” ili nisilazimike.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, baba alinichukua kwenda Nainokanoka kudai kondoo ambaye Mzee Saning’o alimwahidi kwa ajili ya mahindi. Lori lilituacha mahali ambapo ukungu ulificha hata pembe za ng’ombe waliosimama njiani, tukaendelea kwa miguu, nami sikuwa na wazo jingine isipokuwa mbwa. Niliogopa kwamba atakuwa amekufa kwa fisi, na niliogopa zaidi kwamba atakuwa hai, atanikimbilia, na midomo yangu italazimika kumwita. Tulipokaribia boma la Mzee Saning’o, sauti ikatoka kwenye ukungu, kali na ya kukaripia: “Elibariki! Acha ndama! Elibariki, mjinga wewe, rudi!”

“Naam!” nikaitika, nikakimbia kuelekea ile sauti.

Tulifika pamoja, mimi na mbwa, mbele ya Mzee Saning’o. Alitutazama wote wawili, akaegemea fimbo yake na kucheka mpaka akakohoa. Masikio yalinichoma. Nilimgeukia baba nione kama tumetukanwa, naye alikuwa anatazama ndala zake akijizuia kucheka. “Mbona umempa jina langu?” niliuliza, karibu na kulia. Mzee alishangaa kweli. Alinyoosha fimbo kwenye kundi lake, akanionyesha ng’ombe aliyetoka kwa shemeji yake na anaitwa kwa jina la shemeji, na mwingine aliyetoka kwa rafiki wa Loliondo na anaitwa kwa jina la rafiki. “Huyu amenipa nani? Si wewe? Nikimwita, nakukumbuka. Sasa ningemwitaje? Simba? Simba hakunipa kitu.” Mkewe alinimiminia maziwa, akaniambia kwamba mbwa huyo ni mvivu wa asubuhi lakini fisi wanamjua. Nilikunywa huku jina langu likikaripiwa nje tena na tena, na kila mara nilishtuka, na kila mara nilimfikiria Bibi Veronika na ufagio wake. Njia nzima ya kurudi sikujua kama nimeheshimiwa au nimelipizwa. Hata sasa, nikiwa siwezi kupata usingizi, bado nalipima jambo hilo pande zote mbili.

Bibi Veronika amezikwa karibu na mumewe. Tluway sasa anaendesha bodaboda mjini Karatu na ananipeleka kwenye kazi zangu, ndoo za rangi zikining’inia kwenye usukani. Hadithi anaijua yote, na huisimulia mbele ya abiria: “Kaka Eli hapa ndiye aliyenipa jina la mtumba. Limeshavaliwa na mbwa, mimi nikalipata likiwa limefuliwa.” Watu hucheka, nami hucheka nikichelewa kidogo.

Juzi alinipeleka kwenye loji moja nje ya mji, ambako mwenye loji alitaka niandike jina kwenye kibanda cha mbwa wake mpya. Jina lenyewe ni Neema. Mpishi wa pale naye ni Neema, na wageni wanaona ni jambo la kupendeza. Siku hizi hata mjini watu huwaita mbwa wao Happy na Junior, majina yanayoitwa darasani asubuhi, na sioni ufagio wowote ukisimama. Nilipima ubao, nikachora mistari kwa penseli, nikafuta, nikachora tena. Kisha nikaacha kila kitu chini, nikaenda jikoni.

“Dada Neema, nimeambiwa niandike jina lako kwenye banda la mbwa. Unaonaje?”

Aliacha kukata vitunguu. “Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.” Akafikiri, kisu mkononi. “Bosi alishampa, na mbwa mwenyewe hana neno. Andika. Ila getini wakimkaripia waseme mbwa, wasiseme Neema.”

Nilimpelekea mwenye loji ombi hilo kwanza, akakubali, ndipo nikafungua kopo la rangi. Zamani nilitafuta kanuni. Siku hizi namuuliza mwenye jina.